Mtaa Usio na Kaburi

"Nitamzika hapa hapa," Truphena alisema. "Upande wa kulia wa nyumba, karibu na ua wako. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, Mama Bev."

Mokeira alikuwa amemletea chai kwenye chupa na viazi vitamu vya kuchemsha, maana mfiwa hapiki. Alibaki ameikumbatia ile chupa, hajui aiweke wapi. Machozi aliyokuja nayo yalikuwa ya kweli, asije mtu akamsingizia. Mwalimu Caleb alikuwa amefariki siku moja iliyopita baada ya figo kumtesa kwa muda mrefu, na ndiye aliyemfundisha Beverlyne, binti yake Mokeira, hesabu hadi akaupita mtihani, bila kudai hata shukrani. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa kayaba tu. Lakini maneno ya Truphena yalipomwingia masikioni, mtu wa kwanza kumjia akilini, Mungu amsamehe, hakuwa Mwalimu. Alikuwa Boaz.

Boaz ni mnunuzi wa dhahabu kutoka Macalder, mtu ambaye hakopi wala hasumbui benki. Alikuwa ameahidi kuja Jumapili kuitazama nyumba ya Mokeira kwa mara ya mwisho, na akiridhika, alipe. Mokeira na mumewe Gichana wangehamia Homa Bay, karibu na Beverlyne, wanunue kiploti, wajenge vyumba vya kupangisha, na uzee uwakute wameketi. Mambo hayo yote Truphena hakuyajua. Mokeira alikuwa bado anatafuta siku nzuri ya kumwambia.

"Hapa?" Mokeira aliuliza. "Mjini?"

"Hapa," Truphena alisema. "Yeye mwenyewe alisema nimzike penye jasho lake."

Mtaa wenyewe unaitwa Benki, na usiutafutie benki, hakuna. Uko pembeni mwa mji wa Migori, ukishika njia ya kwenda Uriri. Zamani makarani wa benki walichangishana wakanunua shamba wakaligawa, kisha wakaja walimu, wauguzi, maafisa wa tumbaku na watu wa kaunti. Wajaluo, Wakisii, Wakuria, wote wakajenga nyumba za matofali na mageti ya chuma, wakawa watu wa Benki, na ukimwuliza mtu anakaa wapi alikujibu huku akinyoosha shingo. Siku hizi swali la mtaa ni moja tu: unashuka au umesimama? Ukiwauliza wenyewe watakwambia umesimama. Ukitaka jibu jingine, pita huko saa ya jioni uhesabu taa zinazowaka.

Kitu kimoja walichojivunia hadi leo ni kwamba Benki hakukuwa na kaburi. Mjini ni nyumba, nyumbani ni kwingine, na hilo Mjaluo na Mkisii hawajawahi kubishania. Aliyekufa Benki alisindikizwa kwao, kwenye ardhi ya babake, akazikwa huko. Kaburi ni la kijijini. Mtaa wenye kaburi ni mtaa gani?

*

Habari ilimfikia mwenyekiti wa mtaa kabla chai ya Mokeira haijapoa. Mzee Machuki alikuwa karani mkuu wa kaunti kabla ya kustaafu, na hakuna jambo alilolipenda kama mkutano. Kufikia alasiri sebule yake ilikuwa imejaa watu, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufumwa, na kila mtu amewekewa soda.

"Wenzangu," Mzee Machuki alianza, "kwanza tumuombee marehemu. Alikuwa jirani mwema." Wakainamisha vichwa, wakaviinua. "Sasa. Mtaa wetu uko imara. Mnaona wenyewe uko imara. Lakini kaburi moja ni mlango. Leo ni Mwalimu, kesho ni mwingine, na mwaka ujao tutakuwa na makaburi kumi, mbuzi wanalala juu yake, na matanga kila wiki. Nani atanunua ploti hapa?"

"Kwani kuna mtu anauza?" aliuliza Robi, mama Mkuria mwenye duka la dawa mjini.

Watu wakanywa soda.

"Nasema kwa mfano tu, mama," Mzee Machuki alisema.

"Mimi nauliza tu. Nyumba ya kona imekuwa lojing, hamkuita mkutano. Kwa daktari wanafuga nguruwe, na nusu yetu hapa ni Wasabato, hamkuita mkutano. Taa za barabara zimekufa zote. Leo mtu mmoja anataka kuzika bwana yake, ndiyo tumekunywa soda."

"Hayo ni mambo madogo, yatarekebishwa. Kaburi halirekebishwi."

Hapo hata Robi alinyamaza, na kusema kweli hakuwa anapinga, alikuwa anachokoza tu. Wakakubaliana kwamba Truphena azungumziwe kwa upole, na mtu wa kumzungumzia si mwingine ila Mokeira. Kwanza ni rafiki. Pili ni muuguzi, maneno yake yana uzito. Tatu, na hili Mzee Machuki alilisema akimtazama moja kwa moja, ndiye anayepakana naye.

"Madam, wewe hili jambo linakugusa kuliko sisi wote," alisema, na Mokeira akageuza macho. Akajiuliza kama mzee ana habari za Boaz.

Gichana alikuwa ameketi karibu na mlango muda wote, mguu juu ya mguu, soda yake haijafunguliwa. Alikuwa afisa wa tumbaku hadi kampuni iliyomwajiri ilipoacha kununua majani katika eneo hilo, na tangu hapo alikuwa amejifunza kukaa karibu na milango. Njiani kurudi Mokeira akamgeukia.

"Baba Bev, mbona umeniachia mzigo peke yangu?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema hata kwamba nimechoka. Ungesema aende mwingine."

"Umechoka?"

Mokeira aliongeza mwendo. Hakuwa amechoka. Alikuwa ameogopa, na alijua kwamba Mzee Machuki amemfanyia hisani, kwa sababu sasa lile ambalo angelifanya kwa ajili yake mwenyewe angelifanya kwa niaba ya mtaa.

*

Alimkuta Truphena chumbani, ameketi juu ya godoro lililotandikwa sakafuni, wanawake wa kanisa wamemzunguka. Truphena akawaomba watoke kidogo. Walipobaki wawili alimshika Mokeira mkono akaulaza pajani mwake, kama walivyokuwa wakifanya wakisubiri majibu ya hospitali.

"Mama Cliff," Mokeira alianza, "nimekuja kukuuliza kitu. Mila yenu inasemaje? Si mtu huzikwa kwao?"

"Mila." Truphena alitikisa kichwa. "Mila inasema Caleb hakujenga kwao. Huko Kisegi hana boma, hana hata kibanda. Kila shilingi ilikuja kwa hii nyumba. Sasa shemeji yangu Ogweno anasema mtu hawezi kuzikwa mahali hana nyumba, kwa hivyo atajengewa ya mabati haraka haraka, siku mbili, ndiyo azikwe mbele yake. Na nyumba ikisimama lazima iwe na mwenye nyumba. Huyo ni nani?"

"Wewe."

"Mimi. Nilale humo. Nikae humo. Na huku, Ogweno anasema, watanisaidia kusimamia. Unajua kusimamia ni nini, Mama Bev? Wewe si mtoto."

Mokeira alijua. Kwao Nyamira pia, aliyesimamia nyumba ya mjane hakuirudisha.

"Lakini watu wanasema mtaa utashuka thamani," alisema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akatamani kuyarudisha.

Truphena akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Yawa! Mtaa utashushwa na mtu anayebaki? Wale wameenda ndio wameushusha. Mimi nikimzika Caleb hapa, nimemaliza. Siwezi kuuza, siwezi kuhama, hata nikitaka. Nani ataacha mtu wake peke yake? Waniite mshamba. Lakini nitakuwa hapa, geti langu nitalipaka rangi, na wewe utakuwa na jirani mpaka tuzeeke. Si ndiyo tulikuwa tunasema?"

Ndiyo walikuwa wakisema. Hiyo ndiyo ingekuwa siku nzuri ya kumwambia. Mokeira alifungua kinywa, akaona jinsi macho ya mwenzake yalivyovimba, akajidanganya kwamba anamhurumia.

"Afisa wa afya anakuja kesho," Truphena aliendelea. "Nimeshapeleka ombi. Ameniambia atauliza majirani wanaopakana na mimi. Nyuma ni uwanja wa kanisa, na mchungaji hana neno. Ule upande ni barabara. Umebaki wewe peke yako. Ukisema huna neno, imeisha."

"Nimekuelewa, Mama Cliff."

"Mungu akubariki." Akamfinya mkono. "Mungu akubariki, dada yangu."

Kumwelewa mtu si kumkubalia, na Mokeira alilijua hilo vizuri alipokuwa akilitamka. Alitoka akapita katikati ya waombolezaji bila kumsalimia yeyote. Nyumbani alimkuta Gichana akimenya ndizi kwa ajili ya chakula cha jioni, kazi ambayo zamani hangeigusa.

"Kesho afisa atauliza. Tutasema nini?" Mokeira alimwuliza.

"Mimi nimekula kwa Mwalimu, na yeye amekula kwangu. Mimi sina cha kusema juu ya kaburi lake."

"Na Jumapili? Boaz akija akute udongo mbichi hapo kwa ua? Mtu aje kununua nyumba aonyeshwe kaburi dirishani? Baba Bev, mimi nastaafu mwaka huu. Tutakula nini? Matofali?"

Gichana aliendelea kumenya. "Basi sema wewe," alisema mwishowe. "Lakini usiseme tumesema."

*

Afisa wa afya alikuwa kijana mpole, mwenye buti na kofia ya jua. Alipima kwa hatua kutoka ukutani, akachungulia udongo, akaridhika. Vijana wa kanisa walikuwa wamekwisha kupigilia vigingi vinne mahali penyewe. Truphena alisimama pembeni amejifunga leso kiunoni, na watu walikuwa wengi kuliko ilivyohitajika, kwa maana siku ya jambo kama hilo kila mtu wa Benki huwa na sababu ya kupita.

"Wapi jirani?" afisa aliuliza.

Mokeira alisogea hadi kwenye ua. Alikuwa amevaa sare yake ya kazi, ile nyeupe yenye mkanda, ingawa siku hiyo hakuwa na zamu.

"Mama, unaona mahali wanataka kuzika. Una pingamizi?"

Aliona nyuso zote zimemgeukia. Mzee Machuki alikuwa barabarani, anajifanya anaongea na simu. Truphena alikuwa akimtazama kwa upole kabisa, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie wimbo anaoujua.

"Mimi ni muuguzi," Mokeira alisema. "Sina ubaya na mtu. Lakini... kuna mambo ya maji. Sisi tuna kisima. Nahofia maji yatachafuka."

Halafu Truphena akauliza polepole, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Kisima chako kiko juu, Mama Bev. Siku hizi maji yanapanda mlima?"

Mtu mmoja alicheka nyuma akajizuia. Mokeira alikaza mkanda wa ile sare. Angeweza kusema hapana, nimekosea, hayapandi. Neno moja tu. Badala yake alimtazama afisa.

"Ndivyo ninavyoona kama mtu wa afya."

Kijana alikuna kichwa chini ya kofia. "Mimi ningekubali," alimwambia Truphena. "Lakini jirani akiwa na pingamizi, na tena ni nurse, siwezi kuandika kwamba hakuna. Mwende mkaongee kwanza, mama. Mkielewana mniite."

Hawakuongea. Ogweno, kaka yake Caleb, alikuwa amefika kutoka Kisegi tangu alfajiri, mtu mrefu mwenye adabu nyingi, na aliposikia hayo akavua kofia akamshukuru afisa, akamshukuru Mzee Machuki, akampigia simu fundi wake aanze kupiga mabati. Kabla ya giza vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Truphena hakulia wala hakugombana na mtu. Aliingia ndani akaanza kupanga nguo za mumewe katika sanduku.

*

Wakamzika Caleb Ijumaa, huko Kisegi. Mtaa wa Benki haukufanya mchezo: ulikodi basi zima, ukanunua shada la maua, na wote wakavaa suti na viatu vilivyong'aa. Mbele ya kaburi ilisimama ile nyumba mpya, mabati matupu juu na pembeni, dirisha moja tu, dogo, mlango bado una namba za chaki za fundi. Jua lilipoipiga watu waligeuza macho. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, na harufu ya mbao mbichi.

Mzee Machuki alipewa nafasi ya kusema. Alisema Mwalimu alikuwa nguzo ya mtaa, na kwamba mtaa ungependa kubaki naye, lakini damu ni damu. Watu wakapiga makofi. Mokeira alitazama chini, akaona mchwa wakipanda viatu vyake.

Baadaye Ogweno alipita kwenye mistari ya viti akiwapa mkono wageni mmoja mmoja. Alipomfikia Mokeira aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Wewe ndiye jirani? Nimeambiwa. Mama, ahsante sana. Umetusaidia kumrudisha ndugu yetu nyumbani. Huyu shemeji yangu alikuwa amepotoka kidogo."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Mokeira alisema karibu, akasema poleni, akasema maneno mengine asiyoyakumbuka. Ilipofika zamu ya kumuaga mfiwa, foleni ilikuwa ndefu. Truphena alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya mabati, na kila aliyeinama kumsalimu alimwita kwa jina la mtoto wake: ahsante Mama fulani, ahsante Baba fulani. Mokeira akainama.

"Mama Cliff," alisema, "nisamehe. Nitakuja tuongee."

Truphena alimpa mkono. Ulikuwa baridi, na haukukaa.

"Ahsante kwa kuja, Madam," alisema, akamtazama aliyefuata.

Ndani ya basi Mokeira aliketi dirishani hadi Migori. Robi alimpa njugu, akakataa. Muda wote alijiambia kwamba Truphena ana uchungu wa msiba, na uchungu hupoa. Alijiambia pia kwamba kilichofanyika kimefanyika, na sasa angalau isiwe bure.

*

Jumapili alichinja jogoo. Akakaanga chapati, akapiga deki hadi nje ya geti, akatandika kitambaa kile cha wageni. Boaz alikuja na pikapu kuukuu iliyopakwa tope jekundu la Macalder, yeye mwenyewe amevaa gambuti na saa ya dhahabu, na hilo halikumshangaza mtu.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipita chumba hadi chumba, akagonga kuta kwa vidole, akakanyaga sakafu kwa kisigino akisikiliza. Akaitazama hatimiliki, akamrudishia Gichana bila kuisoma hadi mwisho.

"Nyumba ni mzuri," alisema. "Fundi alijua kazi. Na hii estate, inaendeleaje?"

"Iko imara," Mokeira alisema upesi. "Watu wa heshima watupu. Walimu, manesi."

"Mmezika nani hapa?"

Mokeira alifurahi kwamba ameliuliza mwenyewe. "Hakuna! Hata mmoja. Hapa ni mtaa safi, bwana. Ukitembea mwisho hadi mwisho hutaona kaburi."

Boaz alitikisa kichwa polepole, akaketi kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mama, wacha nikwambie. Mimi kwetu ni Macalder. Huko shamba moja iko na title tatu, na wenye title wote wanaapa kwa Bibilia. Nimekulwa pesa mara mbili hivyo. Siku hizi karatasi siangalii sana. Mimi naangalia kaburi. Watu wakizika mahali, hiyo ardhi ni yao na hawaendi popote. Karatasi, mtoto wa saiba anaprint kwa kompyuta. Kaburi nani ataprint?"

"Lakini hapa ni mjini," Gichana alisema.

"Najua, mzee. Mjini watu hawaziki. Hiyo ningeisamehe." Akaelekeza kidole dirishani, kwenye nyumba ya Truphena iliyofungwa. "Lakini soja anayelinda barrier ya estate ameniambia kuna mwalimu hapo alikuwa azikwe, bibi yake akataka, afisa akataka, akakatazwa na jirani. Sasa mimi nikajiuliza: hawa watu wanajua nini juu ya hii shamba, hadi wanaogopa kuweka mtu wao ndani? Kuna kesi? Kuna mwenyewe anakuja?"

"Hakuna kesi!" Mokeira alisimama. "Hakuna kitu kama hicho. Ni mimi nilikataa, na nilikataa kwa sababu yako!"

"Yangu?"

"Tuliogopa ukiona kaburi utakataa nyumba."

Boaz alimtazama kwa mshangao wa kweli. Kisha akamtazama Gichana, kama anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa.

"Mimi huyo mwalimu hata simjui," alisema. "Ningeikuta kaburi yake hapo, ningelipa leo."

Mokeira akaketi.

"Na kitu ingine, mama, usikasirike. Mzee wa mtaa, yule Machuki, pia amenionyesha yake. Huyo mama wa duka la dawa ameniita. Nyumba nne wiki moja. Na kila mtu ananiambia estate iko imara. Ikiwa imara, mnakimbia nini?"

Alikuwa mtu mstaarabu, hakutaka kuondoka bila kugusa chakula. Alikula paja moja la kuku na nusu chapati, akasifu upishi, akanawa mikono. Alisema atafikiria. Mtu wa dhahabu akisema atafikiria, amekwisha kufikiria. Wakamsindikiza hadi getini, wakampungia mkono.

*

Walirudi wakaketi mezani, jogoo katikati yao. Upande wa pili wa ua, nyumba ya Truphena ilikuwa kimya. Ogweno alikuwa ametuma ujumbe kwa mwenyekiti asubuhi hiyo: wametafuta mpangaji, ataingia mwisho wa mwezi, mtu wa kuuza pombe lakini mwaminifu.

"Nitaenda Kisegi," Mokeira alisema. "Nitamwambia arudi. Nitamwita yule afisa niseme niliongopa."

"Mtu ameshazikwa, Mama Bev. Utamfukua?"

"Basi nimwombe msamaha."

"Hilo nenda. Lakini hatarudi. Ile nyumba ina mwenyewe sasa, na ni yeye."

Mokeira akajifunika uso kwa mikono. Alilia bila sauti, na safari hii hakumlilia Mwalimu wala Boaz. Gichana hakumgusa. Alikuwa akiitazama sahani yake.

"Nina swali," alisema baadaye, "na usilikasirikie. Nilitaka kuliuliza siku ile kwa Machuki, nikashindwa. Baba alipogawa shamba Nyamira tulikuwa ndugu watano. Kila mtu alipata kipande cha kuegesha baiskeli. Changu nikampa yule mdogo wetu. Nikamwambia, chukua, mimi ni mtu wa Migori, nina nyumba. Ameshajenga, ameshapanda chai hadi mlangoni."

"Najua."

"Unajua, lakini hujawahi kufikiria. Hata mimi nilikuwa sijafikiria." Akasogeza sahani kando. "Sasa mimi nikifa, utanipeleka wapi?"

Mokeira akatoa mikono usoni. Aliona ile nyumba ya mabati ikimeremeta juani, imejengwa mahali pengine, katikati ya chai ya watu wengine, na yeye ameketi kizingitini akipewa mikono. Aliona afisa mpole mwenye buti akiuliza wapi jirani. Akamwona Mzee Machuki akisema kwa huzuni kwamba Madam mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Alitafuta jibu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba, kwa haraka, kisha kwa woga, na hakulipata.

"Usife," alimwambia.

"Mokeira."

"Usife, Baba Bev," alisema tena, na akamshika mkono kwa nguvu juu ya meza. "Usife kwanza. Tafadhali."